Majuto ya Bunduki ya Chama

(Mazungumzo ya katibu mstaafu wa chama cha msingi mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama wanachama, Mwanza)



Nimeombwa niseme machache juu ya ulinzi wa fedha za chama wakati wa msimu wa pamba. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno ya jumla kama ilivyo desturi, ndipo katibu mmoja kijana aliponijia nyumbani kuniuliza kama si vyema chama chake kinunue bunduki. Swali lake limenikumbusha jambo ambalo kwa miaka mingi sikupenda kulitaja hadharani. Basi maneno ya jumla nimeyaacha, nami nitawaeleza jinsi kamati yetu ilivyonunua bunduki, na jinsi tulivyojuta.

Tukumbuke kwanza hali ya wakati ule. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwezi Mei 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, na Chama Kikuu cha Ushirika Nyanza kikaanza tena kazi mwaka 1984. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, lakini baada ya vita hivyo silaha nyingi zilikuwa zimeangukia mikononi mwa wezi wa ng'ombe na majambazi wa barabarani. Wananchi wa Usukumani na Unyamwezini walijibu kwa kuunda Sungusungu, wakiwa na pinde, mishale, filimbi na mwano, yaani ule ukelele wa hatari unaopokewa nyumba kwa nyumba.

Chama chetu kilikuwa wilayani Magu, karibu na Ghuba ya Speke. Msimu wa mwaka 1987 fedha za kununulia pamba zililetwa kwa gari, noti zikiwa ndani ya magunia. Wakulima hawakulipwa wote siku moja, kwa hiyo fedha zililala ofisini usiku mbili au tatu. Mlinzi wetu alikuwa mzee mmoja mwenye rungu na taa ya chemli.

Jioni moja ulikuja uvumi kwamba chama cha jirani kimevamiwa. Uvumi huo haukuwa wa kweli, lakini hayo tuliyajua baadaye. Usiku ule ule tulikutana wajumbe watano wa kamati, na mimi nikiwa katibu. Hapakuwa na aliyeuliza uvumi umetoka wapi. Kabla ya usiku wa manane tulikuwa tumekwisha kuamua kununua bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, iliyokuwa ikiuzwa na mtu aliyekuwa akihama. Fungu la silaha halikuwamo katika makisio ya mwaka, kwa hiyo tulichukua fedha zilizotengwa kwa paa la ghala. Bei yake ilitosha mabati arobaini na misumari yake.

Ndugu Makatibu, sitawaficha kwamba siku za kwanza tulifurahi. Bunduki ilipofika, baada ya mwenyekiti kupata leseni kwa jina lake, kila mjumbe alitaka kuishika. Nilitembea kijijini kama mtu aliyepewa cheo. Furaha hiyo haikumaliza mwezi.

Shida ya kwanza ilikuwa mahali pa kuiweka. Kumwachia mlinzi tuliogopa, kwa kuwa atakayemzidi nguvu angeondoka na fedha na silaha pia. Nyumbani kwa mwenyekiti mlikuwa na watoto. Mwisho tuliifungia ndani ya kasha la fedha. Mzee akaendelea kulinda kwa rungu lake kama zamani, ila sasa alilinda fedha pamoja na bunduki, na kila mwizi aliyesikia habari zetu alijua kuna vitu viwili vya kuibwa badala ya kimoja.

Shida ya pili ilitoka kwa majirani. Wenye majaruba ya mpunga kando ya ziwa walikuja wakisema, "Ndugu Katibu, viboko wanatumaliza, tuazime bunduki ya chama." Tulipokataa, walisema kamati imejinunulia bunduki kwa pamba ya wanachama. Tulipoeleza kwamba kumpiga mnyama wa porini kunahitaji kibali cha Serikali, walituona tunajificha nyuma ya sheria. Urafiki wa miaka mingi ulipungua.

Shida ya tatu ilikuwa paa. Miaka ile magari yalikuwa machache na dizeli ilikuwa adimu, kwa hiyo pamba ilikaa ghalani mpaka vuli. Mvua ya Novemba ilipita penye matundu yale yale tuliyokusudia kuyaziba. Pamba ya daraja la kwanza ililowa na kubadilika rangi. Nilisimama mle ndani, maji yakinidondokea shingoni, nikahesabu mabati arobaini ambayo hayakuwapo.

Haya yote ni hasara ya mali, na mali hutafutwa. Jambo la nne ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Msimu uliofuata, siku fedha zilipolala ofisini, kamati ilikubali mlinzi apewe bunduki. Leseni haikuwa yake, wala hakuwa amefundishwa kuitumia. Tulimwonyesha kwa dakika chache jinsi ya kujaza risasi. Kabla ya alfajiri alisikia mtu akija kwenye mizani. Aliita, "Nani wewe?" mara tatu, asijibiwe. Akalenga, akafyatua.

Risasi haikulipuka. Ilikuwa imekaa muda mrefu katika unyevu wa kasha. Mlinzi alipoinua taa alimwona mzee mmoja, mwanachama wetu, amesimama na baiskeli yenye gunia la pamba. Alikuwa amewahi ili awe wa kwanza katika foleni, na masikio yake yalikuwa mazito tangu zamani. Kila mmoja wetu alilijua hilo. Uhai wake uliokolewa na ubovu wa kitu tulichokinunua ili kutulinda.

Asubuhi ile tulitaka kuiondoa bunduki siku hiyo hiyo. Hapo ndipo tulipojua tofauti ya majuto haya na mengine. Mtu akijutia baiskeli huipeleka mnadani. Akijutia ng'ombe humuuza au humchinja. Silaha haiuzwi kwa yeyote anayetokea na fedha. Kuipata ilikuwa rahisi, kwa sababu tulikuwa na haraka na muuzaji alikuwa na haraka. Kuiacha kulituchukua miezi mingi ya safari za polisi, barua na maelezo. Bei tuliyorudishiwa ilikuwa chini ya nusu.

Tukapeleka habari zote mbele ya mkutano mkuu. Mwenyekiti alieleza hasara, mimi nikasoma muhtasari. Mama mmoja alisimama akauliza, "Ndugu Katibu, usiku ule mlimwogopa nani? Mtaje jina." Tulikosa jibu. Akaendelea, "Mngetuuliza, tungewaambia kwamba hakuna chama kilichovamiwa, binti yangu ameolewa kule." Mkutano uliamua kwamba sisi wajumbe turudishe pengo la fungu la ghala kutoka katika malipo ya pamba zetu wenyewe. Tulilipa kwa misimu miwili, na haki ilikuwa upande wao.

Sasa niseme tulichojifunza, maana majuto yasiyozaa utaratibu ni huzuni tupu.

Kwanza, tulipunguza fedha zinazolala. Wakulima waliitwa kwa zamu, kitongoji baada ya kitongoji, fedha zikaombwa kwa kiasi cha zamu ile. Kasha liliwekewa funguo mbili kwa watu wawili. Siku hizi malipo mengi hupitia benki au simu, lakini mwizi naye amehama. Anayempa jirani namba ya siri ya simu ya chama ameacha kasha wazi.

Pili, tuliwategemea watu. Zamu ya usiku ilipangwa pamoja na Sungusungu na mgambo, na polisi wakajulishwa siku fedha zinaposafirishwa. Sisemi kwamba Sungusungu hawakukosea. Palikuwa na watu walioonewa, na wazee wa kike walioteswa kwa tuhuma za uchawi. Ndiyo sababu tuliwataka wafanye kazi chini ya kijiji na sheria. Lakini mwano uliopokewa na nyumba hamsini ulitufaa kuliko mitutu miwili.

Tatu, tuliweka kanuni kwamba ununuzi wowote usio katika makisio usiamuliwe katika kikao kilichoitwa kwa hofu. Upite usiku mmoja, uchunguzwe uvumi, waulizwe wanachama.

Kwa yule katibu kijana, na kwa wengine wenye wazo kama lake, nakumbusha pia kwamba sheria ya leo, ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inadhibiti umiliki, utunzaji na uhamishaji wa silaha na risasi. Kumkabidhi mtu asiye na leseni, kama tulivyofanya sisi, ni kosa. Ikiwa chama kinahitaji ulinzi wa silaha, kamati iende polisi kuomba ushauri kabla ya kutoa shilingi moja. Na chama chenye silaha ambayo kimekwisha kuijutia kisione haya. Kisiifiche darini wala kisiiuze gizani, kiipeleke polisi.

Ndugu Wanachama, mzee yule mwenye baiskeli aliishi miaka mingine mingi. Kila msimu alikuwa wa kwanza kwenye mizani, na kila alipopita alinisalimu kwa furaha, kwa kuwa hakuusikia mlio mdogo wa ile risasi iliyokataa. Ilinichukua mwaka mzima kupata ujasiri wa kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie kwa sauti, kisha akauliza, "Na paa mtaezeka lini?"

Tuliezeka mwaka ule. Ushirika udumu.