YAI LA ASUBUHI LIMGUSE MTOTO KABLA YA MCHUUZI

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanaushirika siku ya kupima mazao, chini ya mwembe wa ghala. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na pia wanakisomo wetu wapate cha kusoma kwa sauti.)

 

Leo hatukusimama kusema habari ya pembejeo wala ya madeni. Hayo yana siku yake. Leo tunataka kusema habari ya kikaango. Naam, kikaango. Tunaona wengine wanacheka. Chekeni, lakini mkimaliza mtusikilize, maana jambo lenyewe linahusu watoto wetu.

Kitendawili! (Mkajibu: Tega!) Nyumba yangu kubwa haina mlango. (Watoto waliokaa mbele wakawawahi watu wazima: Yai!) Vema sana. Watoto wa kijiji hiki wanalijua yai kwa kitendawili. Swali letu ni hili: je, wanalijua pia kwa kulila?

Ndugu zangu, hatuanzi kwa kumnyoshea mtu kidole. Tunaanza na nyumba yetu sisi wenyewe. Muhula uliopita tuliitwa shuleni kwa ajili ya mjukuu wetu aliye darasa la pili. Mwalimu akasema, "Mzee, mtoto huyu si mgonjwa wala si mvivu. Lakini ikifika saa nne anasinzia. Asubuhi anakula nini?" Tukajibu: chai. Akauliza: "Na nini?" Hapo tukanyamaza. Ilikuwa chai ya rangi yenye sukari, basi. Na nyumbani kwetu tuna mitetea watano wanaotaga!

Tulirudi kichwa chini. Njiani tukapishana na mchuuzi wa mayai, pikipiki yake imesheheni trei, anakwenda mjini. Juu ya trei zile yalikuwamo mayai ya nyumbani kwetu aliyoyachukua asubuhi ile ile. Akatusalimu vizuri kabisa, nasi tukamwitikia. Kosa halikuwa lake. Yeye ananunua kinachouzwa.

Usiku ule tukaketi na mama wa nyumba tukachukua daftari. Sisi tulijifunza kusoma na kuandika katika darasa la kisomo cha watu wazima, tukiwa tayari tuna watoto, na mwalimu wetu alikuwa akituambia kwamba kalamu ni ya kujihesabia mambo yako mwenyewe. Basi tukahesabu. Pesa ya mayai ilikwenda wapi? Chumvi na sabuni, sawa. Daftari la mtoto, sawa. Lakini sehemu nyingine tuliikuta kwenye vocha ya simu ya Katibu, na nyingine kwenye soda za Katibu siku za mikutano. Yaani mtoto alikosa yai ili babu yake aongee na simu. Tuliona aibu, na aibu ile ndiyo iliyotuleta hapa mbele yenu.

SABABU ZINAZOTUFANYA TUKWAME

Tunajua mtakavyosema, maana nasi tulisema hivyo hivyo. Ya kwanza: asubuhi hakuna nafasi. Mama anawahi maji, anawahi shamba, na mtoto anawahi namba shuleni. Ya pili: mtoto mwenyewe asubuhi hataki kula, bado ana usingizi. Kwa hiyo chakula cha asubuhi hakina budi kiwe cha haraka, kiwe rahisi hata kwa baba asiyejua jiko, na kiwe na mchezo ndani yake ili mtoto aamke kwa hamu.

Chakula cha namna hiyo kipo. Ni yai ndani ya mkate. Mjukuu wetu amekipa jina: Yai Dirishani. Ukishawasha moto, kazi yenyewe haifiki dakika kumi.

NAMNA YA KUPIKA YAI DIRISHANI

1. Chukua slesi moja ya mkate, unene wake kama kidole. Mpe mtoto glasi ya chai aigeuze mdomo chini, aikandamize katikati ya mkate na kuizungusha. Litatoka duara, na mkate utabaki na dirisha. Kazi hii ni ya mtoto, usimnyang'anye. Hapo ndipo usingizi unapomtoka.

2. Pasua yai kwenye kikombe kwanza. Msilipasue moja kwa moja juu ya kikaango. Sababu tutaieleza.

3. Weka kikaango kwenye moto wa wastani, tia kijiko kimoja cha mafuta. Yakipata moto, laza mkate, na lile duara liweke pembeni nalo likauke. Usilitupe.

4. Mimina yai ndani ya dirisha. Nyunyiza chumvi kidogo tu. Funika kwa kifuniko cha sufuria, ungoje kiasi cha dakika mbili mpaka ute ushike.

5. Geuza kwa mwiko mwembamba, upande wa pili nao uive kiasi hicho hicho. Kiini kiwe kigumu.

6. Weka kwenye sahani. Lile duara ni kofia ya yai. Mtoto amvalishe Bwana Yai kofia yake, au amvue, anavyopenda yeye. Kipande cha nyanya ni mdomo, vitunguu viwili ni macho. Halafu aanze kula. Wetu huanza na kofia, eti ili Bwana Yai asikie baridi!

MAKOSA TULIYOYAFANYA SISI, NINYI MSIYARUDIE

Siku ya kwanza tulichochea moto kama tunachemsha maharage ya msiba. Mkate ukawa mweusi, na yai bado bichi. Mjukuu akatazama akasema, "Babu, nyumba imeungua, lakini mwenyewe hajaamka." Jiko lote likacheka. Kwa hiyo moto uwe mdogo na kifuniko kiwepo. Anayetumia kuni avute vijinga nje abakize makaa.

Siku ya pili tulijifanya mafundi, tukapasua yai juu ya kikaango. Kumbe lilikuwa yai viza! Harufu ile jirani waliisikia. Mkate ukaharibika, mafuta yakaharibika, na mtoto akaenda shule na chai yake ile ile. Tangu siku hiyo tunapasulia kwenye kikombe, na tunalipima yai kwa maji kwanza. Litie kwenye bakuli la maji. Likilala chini kabisa, ni jipya. Likisimama wima huku limegusa chini, limekaa siku nyingi, liharakishe na ulipike sawasawa. Likielea juu, usilile.

Tena msipende kiini kinachotiririka. Tumesikia kwamba Uingereza watoto huchovya vipande vyembamba vya tosti ndani ya yai lililoiva nusu, na vipande hivyo huviita askari. Mchezo ni mzuri, na askari hao tunaweza kuwakata hata sisi. Lakini mayai yetu yanaokotwa kwenye majani na mavi ya kuku, na yai bichi laweza kuwa na vijidudu vya kuharisha na homa. Kwa mtoto, kwa mama mjamzito na kwa mzee, yai liive lote. Na aliyeshika mayai mabichi anawe mikono kwa sabuni.

MKATE USIPOKUWAPO

Hapa mtu mmoja aliuliza, "Katibu, mkate ni wa kila siku kwako?" Swali zuri. Si wa kila siku. Mkate ni siku ya gulio. Siku nyingine tunatumia kiporo cha ugali. Ugali wa jana ukishapoa huwa mgumu. Ukate bapa, unene wa kidole, utoe dirisha kwa glasi, ukaange vivyo hivyo. Lakini ugali huvunjika ukiugeuza na yai ndani. Basi kausha upande wa kwanza, geuza ungali mtupu, ndipo umimine yai, ufunike, uache mvuke umalizie kazi mpaka kiini kigande. Chapati ya jana nayo inafaa. Wenzetu Uganda huviringisha mayai ndani ya chapati wakauza barabarani, na watu hupanga foleni. Kwa hiyo hakuna wa kusema kwamba hiki ni chakula cha wenye mikate.

KWA NINI YAI

Wazee wetu mwaka 1975 walikaa kuzunguka redio wakisikiliza kampeni ya Chakula ni Uhai. Sisi tulikuwa watoto wadogo, tukicheza nyuma yao. Maneno yale hayajachakaa. Yai la gramu 50 lina protini kama gramu 6, nayo ndiyo inayojenga mwili. Mayai ya kuku wetu wa kienyeji ni madogo kuliko hayo, lakini ubora ni ule ule. Kiini kina vitamini A inayosaidia macho. Kitu ambacho yai halina ni vitamini C; basi weka kando kipande cha papai, chungwa au embe, kadiri ya msimu. Na chai kali isinywewe pamoja na chakula, maana huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Mpe mtoto uji au maziwa, chai ingoje.

Sasa tuseme na lile linalonong'onwa. Wapo wanaosema mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi. Wapo wanaosema mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Ndugu zangu, mayai yanayokwenda mjini yanaliwa na watoto wa mjini na akina mama wajawazito wa mjini. Mbona watoto wao wanasukwa nywele? Huenda maneno haya yalitungwa zamani na mtu aliyetaka mayai yote yawe yake. Hata mtoto wa miezi sita aliyeanza kula anaweza kupewa yai lililoiva sana, likapondwa laini. Ila mtoto akila akatoka vipele au akavimba midomo, mwacheni yai na mumpeleke zahanati mara moja.

MAFUNGU MATATU

Hapo akina mama walisimama, na walikuwa na haki. Wakasema: pesa ya mayai ndiyo pesa pekee tunayoishika wenyewe, tukiwapikia watoto mayai yote, chumvi itatoka wapi?

Jibu letu ni kwamba hatusemi mayai yote. Kuku wetu wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kisha huatamia siku 21. Tuyagawe mafungu matatu: fungu la kuatamiwa, fungu la kuuza, na fungu la sahani. Fungu la sahani litengwe kwanza, kabla pikipiki haijapiga honi. Nyumbani kwetu tumeweka kibakuli chekundu. Kilichomo humo hakiuzwi, hata bei ipande namna gani.

Na pengo la pesa lizibwe na nani? Lizibwe na baba. Tunasema hivi tukijitazama sisi wenyewe kwanza. Soda moja iliyoachwa, vocha moja isiyonunuliwa, ndilo yai la mtoto. Haifai mama apunguze chumvi na baba asipunguze kitu.

Njia nyingine ni kuongeza kuku kwa kuzuia vifo. Mdondo unaweza kufagia banda zima kwa siku chache, na tiba yake haipo, ila chanjo ipo. Ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tunaiomba Kamati ilipange jambo hili kwa pamoja, maana chupa moja ya chanjo hutosha kuku wa nyumba nyingi, na mtu mmoja peke yake hawezi kuimaliza. Hiyo ni kazi ya ushirika kabisa.

MWISHO

Ndugu wanaushirika, tuliyoyasema si makubwa. Hatukuwaambia mjenge kiwanda. Tumesema yai moja, moto mdogo na kifuniko. Tunawaomba akina baba waanze Jumamosi hii, siku ambayo haraka ni ndogo, wajaribu mbele ya watoto wao. Mkiunguza, mtachekwa. Sisi tulichekwa na tuko hai.

Mjukuu wetu hapati yai kila siku. Anapata mara tatu kwa wiki, na siku nyingine uji wa karanga. Juzi tulikutana na mwalimu wake gulioni. Hatukuuliza kitu. Yeye mwenyewe akasema, "Mzee, siku hizi mjukuu wako anasumbua darasani kwa maswali." Tukashukuru. Afadhali mtoto asumbue kwa maswali kuliko kusinzia.

Mwenye swali atukute ghalani. Mwenye njia bora ya kukaanga kuliko yetu aandike, nafasi ya kubandika ipo hapo chini. Kama mwandiko umepinda, mtuwie radhi.

Ushirika ni nguvu, na nguvu huanza asubuhi.

Ni sisi, Katibu wenu.