Kona Nane za Kontena: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua na Kunyanyua

Matini ya mazungumzo yetu na wananchi wa mji wa Babati, mkoani Manyara

Tumekuja kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wenu hukiona kila siku, na huenda hakukitazama kwa makini: kontena. Mji wenu upo mahali ambapo barabara ya kutoka Dodoma kwenda Arusha inakutana na ile ya kutoka Singida. Malori yenye makontena hupita hapa mchana na usiku. Baadhi ya makontena hayo, yakishamaliza kazi yake ya baharini, hubaki nchini yakawa maduka, saluni, ofisi na maghala ya mahindi na mbaazi.

Hatukuja kuwakataza kununua kontena. Ni nunuzi jema likifanywa kwa uangalifu. Hata hivyo, kontena bovu humpotezea mtu mtaji wa miaka mingi, na kontena linalonyanyuliwa vibaya huweza kumpotezea mtu uhai. Hasara hizo mbili mara nyingi huanzia mahali pamoja, yaani katika vipande nane vya chuma vilivyopo kwenye pembe zake.

Vishikizo vya kona ni nini

Tazameni kontena lolote. Katika kila pembe, nne za juu na nne za chini, mtaona kipande kizito cha chuma cha pua chenye matundu matatu: moja upande wa juu au wa chini, na mawili ubavuni. Katika mazungumzo haya tutakiita kishikizo cha kona. Urefu wake ni milimita 178, upana milimita 162 na kimo milimita 118. Kimechomelewa kwenye nguzo ya pembe, na kwa matundu hayo kontena hunyanyuliwa na kreni, hufungwa juu ya tirela, na hushikana na kontena jingine lililo juu au chini yake melini.

Mwaka 1956 mfanyabiashara wa Marekani, Malcolm McLean, alisafirisha makontena 58 kwa meli iliyoitwa Ideal X, kutoka Newark hadi Houston. Mhandisi wake, Keith Tantlinger, ndiye aliyebuni kona za namna hiyo pamoja na kufuli inayoingia tunduni na kuzungushwa. Baadaye kampuni ya McLean iliachia haki ya ubunifu huo ili utumiwe na wote, na Shirika la Kimataifa la Viwango likaweka kipimo kimoja kwa dunia nzima, kiitwacho ISO 1161. Ndiyo maana kontena lililopakiwa Shanghai hunyanyuliwa Dar es Salaam au Mombasa bila kubadilishiwa chochote.

Nguvu ya kontena ipo wapi

Watu wengi hudhani kwamba kontena ni sanduku la chuma lenye nguvu sawasawa kila mahali. Sivyo. Mlangoni pake kuna bamba dogo la usalama, linalotakiwa na Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Makontena wa mwaka 1972. Bamba hilo huonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa, uzito wa juu unaoruhusiwa, na mzigo unaoweza kupangwa juu yake. Katika makontena mengi mzigo huo ni kilo 192,000 au zaidi. Lakini paa la kontena hilohilo hujaribiwa kwa kilo 300 tu, zikiwa zimewekwa juu ya eneo la sentimita 60 kwa 30.

Tofauti hiyo inaeleza jambo lote. Makontena yanapopangwa, uzito hauteremki kupitia paa wala kuta. Huteremka kutoka kishikizo hadi nguzo, na kutoka nguzo hadi kishikizo cha chini. Kuta ni bati lililokunjwa, lisilofikia hata milimita mbili na nusu kwa unene; kazi yake ni kuufunga umbo usiyumbe. Mwenye kuelewa hivyo ataelewa pia kwa nini kontena lenye rangi nzuri na kona mbovu ni kontena bovu, na kwa nini lenye kuta zilizobonyea kidogo na kona nzima laweza kuwa bora kuliko hilo.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Tuchukue mfano. Kikundi cha kina mama kimeweka akiba kwa muda mrefu, na sasa kinataka kontena la futi 20 la kuhifadhia mbaazi. Muuzaji analo, limepakwa rangi mpya, na bei yake inavutia. Wafanye nini kabla ya kutoa fedha?

Kwanza, wazunguke kona zote nane, wakitumia ngazi kuzifikia za juu. Watazame maungio kati ya kishikizo na nguzo. Ufa mwembamba hapo, hata wa urefu wa kidole, ni sababu ya kuliacha kontena hilo. Rangi mpya iliyokolezwa kwenye kona peke yake iwatie shaka. Wamwombe muuzaji akwangue kidogo ili chuma kionekane.

Pili, watazame matundu. Tundu lililopanuka, lililopindika au lililopasuka ukingoni haliwezi tena kushika ndoana au kufuli sawasawa. Tundu lililojazwa saruji, udongo au chuma cha kuchomelea halifai kunyanyulia.

Tatu, wapime. Katika kontena la futi 20, kutoka katikati ya tundu moja la chini hadi la upande wa pili ni mita 5.853 kwa urefu na mita 2.259 kwa upana. Kisha wapime mishazari miwili, kutoka kona hadi kona ya mkabala. Kila mmoja uwe karibu mita 6.27. Kiwango cha kontena jipya la ukubwa huo huruhusu tofauti isiyozidi milimita 13 kati ya mishazari hiyo. Tofauti ikiwa kubwa kupita hapo, fremu imepinda. Wafungue na kufunga milango pia. Mlango unaogoma, ilhali bawaba zake ni nzima na kontena limekaa sawa, mara nyingi ni dalili ya fremu iliyopinda.

Nne, wasome namba. Kila kontena lina herufi nne, ya mwisho ikiwa U kwa kawaida, zikifuatiwa na tarakimu saba. Namba hiyo ilingane na ile iliyo katika hati za muuzaji. Kontena lililoingia nchini na mzigo huwa aghalabu ni mali ya kampuni ya meli au ya kukodisha. Kwa hiyo muuzaji aonyeshe hati ya umiliki na uthibitisho kwamba ushuru wa forodha umelipwa.

Siku ya kunyanyua

Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa zaidi ya tani mbili. Lile la futi 40 hukaribia tani nne. Hakuna mwanadamu awezaye kulizuia likianza kuanguka, na hakuna sababu ya kumweka mtu chini yake. Bandarini hunyanyuliwa kwa fremu maalumu inayoshika vishikizo vinne vya juu na kuvuta wima. Huku kwetu kreni huja na minyororo, na hapo ndipo hatari huzaliwa.

Minyororo minne inapokutana kwenye ndoana moja, haivuti juu tu. Huzivuta kona kuelekea ndani. Mnyororo ukilala zaidi, mvuto huongezeka. Tuseme kontena tupu lina kilo 2,200, na kila kona inabeba kilo 550. Mnyororo ukiwa umelala kwa nyuzi 30 kutoka usawa, unabeba kilo 1,100, na kona inavutwa ndani kwa nguvu ya karibu kilo 950. Ukisimama kwa nyuzi 60, unabeba kilo 635 hivi. Kwa hiyo minyororo mirefu ni salama kuliko mifupi. Ndoana ziingizwe tunduni zikielekea nje, zisije zikachomoka.

Hesabu hiyo ni ya kontena tupu. Kontena la futi 20 lenye mzigo lisinyanyuliwe kutoka juu kwa minyororo inayokutana katikati. Litolewe mzigo kwanza, au itumike fremu inayovuta wima.

Mkataeni mwendeshaji anayefunga mnyororo kwenye vyuma vya mlango, kwenye boriti ya paa au kwa kulizungushia kontena kamba. Vyuma hivyo havikutengenezwa kubeba uzito huo. Watoto na watazamaji wawekwe mbali, umbali unaozidi urefu wa kontena lenyewe. Iwapo nyaya za umeme zipo karibu, TANESCO waarifiwe kabla kreni haijainua mkono.

Safarini

Kutoka Dar es Salaam hadi hapa kuna milima, kona na matuta. Tirela la makontena lina kufuli zinazoingia katika matundu ya vishikizo vya chini na kuzungushwa. Kufuli zote nne zifungwe. Kontena lililowekwa juu ya lori la kawaida na kushikiliwa kwa kamba huenda likafika salama mara tisa. Mara ya kumi likamwangukia mwendesha bodaboda aliyekuwa akipita zake. Mnunuzi anayekubali usafiri wa namna hiyo kwa sababu ya unafuu wa bei anahatarisha uhai wa mtu ambaye hakushauriwa.

Mahali pa kuliweka

Sakafu ya kontena huwa juu kidogo ya uso wa chini wa vishikizo, kwa kuwa limeundwa likae juu ya kona zake nne. Liwekewe misingi minne ya zege au mawe yaliyojengwa vyema, kila mmoja chini ya kona yake, na yote iwe katika usawa mmoja. Kina mama wale wakijaza tani 20 za mbaazi, kila kona itakandamiza ardhi kwa zaidi ya tani tano na nusu. Juu ya udongo mweusi unaofura wakati wa mvua, kona moja itazama kabla ya nyingine, fremu itapinda, na milango itagoma.

Anayetaka kukata dirisha au mlango ubavuni aelewe kwamba anaondoa sehemu ya umbo linaloshikilia fremu. Tundu lizungushiwe fremu ya chuma iliyochomelewa na fundi mwenye ujuzi, na nguzo za pembe zisiguswe kabisa. Kontena lililokatwa lisinyanyuliwe tena kabla fundi huyo hajalikagua. Na asilifukie mtu ardhini, wala kurundika mawe au mifuko ya saruji katikati ya paa.

Haki na wajibu wa mnunuzi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mlaji. Muuzaji anayesema kona ni nzima ilhali anajua zimepasuka na kufunikwa kwa rangi, amempotosha. Lakini haki hutetewa kwa ushahidi. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Namba ya kontena iandikwe katika hati ya mauziano, pamoja na hali ya kona zote nane na jina la atakayebeba dhima ya kunyanyua na kusafirisha. Piga picha ya kila kona kabla ya kuondoka, na nyingine kontena linapofika. Ukidanganywa, anza kwa kumwandikia muuzaji. Akikataa, peleka malalamiko yako kwenye Tume ya Ushindani ukiwa na hati hizo mkononi.

Ndugu wananchi, wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ukaguzi tulioueleza unahitaji ngazi, tepu ya kupimia, na saa moja ya subira. Muuzaji mwaminifu hatachukia kuona unapanda ngazi kutazama kona zake. Akichukia, funga mkoba wako na urudi nyumbani. Makontena ni mengi.