Tuyajue Maneno Haya

Ndugu wananchi, hatukujifunza kusoma ili tusome barua tu. Leo tusome maneno ya kuwalinda wazee wetu wanaotunzwa katika makazi ya wazee.

VIDONDA VYA KULALIA: Hutokea mgonjwa akilala upande mmoja muda mrefu. Ageuzwe kila saa 2 hivi.

UPUNGUFU WA MAJI MWILINI: Midomo hukauka, mkojo hupungua, mzee huchanganyikiwa. Tusiseme, "Aa, ni uzee tu."

UZEMBE: Ni kuacha kumtunza mtu uliyekabidhiwa. Hata bila kupigwa, mzee ameumizwa.

PF3: Hapa Tanzania ni fomu ya polisi. Daktari huandika humo majeraha aliyoyaona. Ni ushahidi mahakamani.

Tukienda kumsalimu mzee, tumtazame na mgongo. Tukiona kidonda, tuulize.