KUINUA PIKAPU KWA NJIA ZA MLIMANI
Mazungumzo mbele ya madereva, maofisa usafirishaji na wananchi



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la fundi peke yake, lakini kwa hakika linamhusu kila mwenye kupanda gari. Jambo lenyewe ni kuinua pikapu kwa kubadilisha springi na shokamzoba zake. Mimi si fundi. Ni mtu wa habari, na kazi hiyo imenipakia katika magari mengi. Nitakayoyasema nimeyaona Moshi na kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na nikawauliza wenyewe wa huko sababu zake.

Mji wa Moshi uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara hupanda kuelekea Machame, Kibosho, Uru, Kirua Vunjo na Marangu, zikipita katika vihamba vya migomba na kahawa vinavyofika karibu mita 1,800. Barabara kubwa zina lami. Lakini ukiiacha lami na kuingia njia za vihambani, unakutana na udongo mwekundu unaoteleza, makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika baina ya Machi na Mei, na mifereji ya maji inayokatiza njia. Ndizi, kahawa, majani ya ng'ombe, saruji, na mara nyengine mgonjwa, vyote hupita hapo. Kwa mintaarafu hiyo, mtu wa huko anayetaka gari yake iinuke hatafuti pambo. Anatafuta kufika.

Wakati mmoja, katika safari ya kikazi, tulipewa pikapu iliyoinuliwa na karakana ambayo sitoitaja. Ilipendeza macho. Tulipokuwa juu upande wa Kirua, gurudumu la nyuma lilitumbukia korongoni likabaki linaning'inia. Mzee mmoja fundi, aliyekuja kutusaidia kusukuma, aliinama chini ya gari, kisha akaniita: “Bwana, hebu njoo utazame.” Mpira wa breki unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli ya nyuma ulikuwa umevutika kama kamba ya dau wakati wa upepo. Gari ilikuwa imeinuliwa, lakini mpira uliachwa ule ule wa awali. Na mbele yetu kulikuwa na mteremko mrefu hadi kwenye lami. Tuliiacha gari pale pale, tukateremka kwa miguu, na haikuondoka mpaka siku ya pili ulipoletwa mpira mrefu kutoka mjini.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimefahamu kwamba kuinua gari ni kugusa kila kitu kinachounganisha bodi na magurudumu. Anayebadilisha springi na kuyasahau mengine hakumaliza kazi.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Suala la kwanza ni mzigo. Springi hutengenezwa kwa kiasi fulani cha uzito. Anayebeba ndizi kila siku anahitaji springi nzito za nyuma. Anayebeba watu wawili na begi akitiwa springi hizo hizo, gari itarukaruka, na tairi lililo hewani halishiki njia wala halifungi breki. Basi pima uzito unaobeba siku nyingi, wala usihesabu ule wa siku moja ya sikukuu. Aidha, ieleweke kwamba springi nzito haziongezi uwezo wa gari kisheria wala kiufundi. Ekseli, breki na chesisi ni zile zile, na kiwango cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji hubaki pale pale.

Suala la pili ni kujua kinachoinuka. Wengi hudhani springi ndefu huinua kila kitu. Sivyo. Kwenye ekseli nzima, kama ilivyo nyuma ya pikapu nyingi, springi huinua bodi na chesisi tu. Difu hubaki karibu na mawe kama jana. Kinachoinua difu ni tairi. Nalo tairi lililoongezeka sentimita 5 kwa kipenyo huinua ekseli sentimita 2 na nusu tu, kwani nusu nyengine ya ongezeko iko juu. Tena tairi kubwa huidanganya saa ya mwendo. Ukitoka tairi la sentimita 76 ukatia la sentimita 81, saa ikisoma 60 wewe unakwenda karibu 64.

Suala la tatu ni kimo. Tuchukue mfano wa gari ambayo kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia ni mita 1 na nusu, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Ukikipandisha kitovu hicho sentimita 10, uwezo wa gari kukataa kupinduka hupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Katika njia iliyoinama upande mmoja, na mikungu ya ndizi imepangwa juu ya bodi, sehemu hiyo ndiyo roho za watu. Kwa pikapu ya kazi, sentimita 4 au 5 kwa kawaida zinatosha. Zaidi ya hapo, shafti na jointi za mbele hufanya kazi kwa pembe kali na huchakaa upesi.

Ama kufunga, yapo mambo ambayo mwenye gari hana budi kuyasimamia. Gari isimame juu ya stendi za chuma, isiachwe kwenye jeki peke yake. Shokamzoba ziwe na urefu unaolingana na springi mpya. Yubolti ziwe mpya, kwani za zamani zimekwisha kuvutika. Vipande vya mbao visitiwe kabisa baina ya springi na ekseli. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa kwa magurudumu yake, la sivyo bushi hujipinda na kukatika. Mipira ya breki ipimwe ekseli ikiwa imening'inia mpaka mwisho. Kisha alaimenti ipimwe, taa za mbele ziteremshwe zisiwapofoe wenzako, na bolti zote zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.

Liko moja ambalo hata mafundi hulisahau. Pikapu nyingi zina vali ya breki iliyoungwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Gari ikibeba mzigo hushuka, na vali huongeza nguvu ya breki za nyuma. Gari ikiinuliwa na fimbo isirekebishwe, vali hudhani bodi ni tupu, nayo huzipunguzia breki za nyuma nguvu ilhali mzigo umejaa. Hapa kisiwani pengine mtu asilitambue hilo kwa miaka. Kwenye mteremko wa Marangu atalitambua siku moja.

Kwa hivyo nawaomba maofisa usafirishaji: gari ya umma isiinuliwe kwa maneno ya dereva au ya karakana peke yake. Kwanza iandikwe inabeba nini na inapita wapi. Kazi ikishamalizika, ijaribiwe ikiwa na mzigo wake. Na wenye bima wajulishwe. Nanyi madereva, mkikabidhiwa gari iliyoinuliwa, msione haya kuinama na kuuangalia mpira wa breki. Mzee yule wa Kirua aliinama bila ya kuombwa, nasi tukarudi kwetu salama.