DAKIKA MOJA YA KIMYA



Mtu akisimama ufukoni Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, na kuyaelekea maji ya Ziwa Mweru upande wa magharibi, ng'ambo anayoitazama ni Kongo. Huko ndiko uliko mji wa Kilwa, na katikati ya maji kipo kisiwa chenye jina hilo hilo la Kilwa, ambacho ni cha Zambia ingawa kimesogea zaidi upande wa Kongo. Watu wa pande hizi mbili huuziana samaki, huoana na kuzikana. Kibemba husikika huku na huko, na Kiswahili cha Katanga huvuka ziwa pamoja na wafanyabiashara. Mpaka umepita majini, mahali pasipo na uzio wala jiwe la alama, na askari aliyepewa kazi ya kuulinda anaujua ugumu wake.

Mwezi wa Machi 1974 ziwa hilo lilizitenga kambi mbili za washabiki wa kandanda. Katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Cairo, tarehe 12 Machi, Zambia ilipambana na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku hizo. Simon Kaushi aliipatia Zambia bao la kwanza. Kipindi cha pili mshambuliaji wa Zaire, Ndaye Mulamba, akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Mulamba huyo huyo akafunga tena, na mchezo ulipokuwa unakaribia kabisa kumalizika Brighton Sinyangwe akalirudisha bao hilo. Ikawa 2 kwa 2, na mchezo ukarudiwa baada ya siku mbili. Siku hiyo Zaire ilishinda mabao 2 kwa 0, na yote mawili yalifungwa na Mulamba.

Kwa hiyo katika michezo miwili mtu mmoja aliifunga Zambia mabao manne. Katika mashindano yale yote alifunga mabao 9, na mpaka leo hakuna mchezaji aliyefikia idadi hiyo katika fainali za mwaka mmoja za Kombe la Afrika.

Ndaye Mulamba alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Luluabourg, ambao sasa ni Kananga. Aliichezea AS Vita Club ya Kinshasa, iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1973. Timu ya taifa iliporudi kutoka Cairo na kombe, Rais Mobutu aliipokea kwa shangwe kubwa, na wachezaji wakatunukiwa nyumba na magari. Miezi mitatu baadaye walikuwa Ujerumani Magharibi, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kucheza fainali za Kombe la Dunia. Huko mambo yakaharibika. Wachezaji walieleza baadaye kwamba posho walizoahidiwa hazikuwafikia, nao wakaingia uwanjani wakiwa na kinyongo. Yugoslavia ikawafunga mabao 9 kwa 0.

Katika mchezo huo wachezaji wa Zaire walimzonga refa wakilalamikia bao, na mmoja wao akampiga teke kwa nyuma. Refa aligeuka, akamwona Mulamba, akamtoa nje. Aliyepiga teke alikuwa Ilunga Mwepu. Mulamba alikwenda kukaa nje kwa kosa la mwenzake, na Mwepu akaendelea kucheza. Kila polisi aliyewahi kuingia katikati ya ghasia anajua jinsi jambo la namna hii linavyotokea: mkosaji amekwisha kujichanganya na wengine, na anayeshikwa ni yule aliyesimama karibu.

Miaka ikapita, na jina la Mulamba likafifia. Mwaka 1994 viongozi wa kandanda la Afrika walimkumbuka, wakamwalika Tunisia kwenye fainali za mwaka huo ili wamtunukie heshima. Heshima hiyo karibu imwue. Aliporudi nyumbani alivamiwa na majambazi wenye silaha, walioamini kwamba mtu aliyekwenda kupewa heshima hawezi kurudi mikono mitupu. Walimpiga risasi mguuni. Vita vilipoanza mwaka 1996 alikimbilia Afrika Kusini, akawa mkimbizi kama wakimbizi wengine. Aliishi Cape Town katika mitaa ya watu maskini, akilinda magari ya watu yaliyoegeshwa na kuwafundisha vijana kusakata kabumbu. Wenye magari walimpa sarafu, na si wengi waliojua wanampa nani.

Ndipo likatokea jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa la kusikitisha. Mwaka 1998, katika fainali za Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, ilitangazwa kwamba Mulamba amefariki dunia katika machimbo ya almasi nchini Angola. Wachezaji na watazamaji wakasimama dakika moja kwa ukimya kumkumbuka. Walisimama kwa nia njema kabisa, wala hapana sababu ya kuwaita wanafiki. Lakini mtu waliyemsimamia alikuwa hai Afrika Kusini. Kama wakubwa wa mchezo huu wangekuwa wamemwachia hata mtu mmoja kazi ya kumjulia hali, uvumi ule ungekufa siku ile ile.

Zambia nayo inayo ya kwake. Mwaka 1972 Godfrey Chitalu alifunga mabao 107, lakini habari hizo hazikujulikana sana nje ya nchi yake mpaka mwishoni mwa mwaka 2012, dunia ilipokuwa ikimsifu Lionel Messi kwa mabao 91, na Chama cha Kandanda cha Zambia kikaleta hesabu ya Chitalu. Wakati huo mwenyewe alikuwa kaburini karibu miaka 20. Alikuwa kocha wa timu ya taifa ndege yake ilipoanguka baharini karibu na Libreville, Gabon, tarehe 27 Aprili 1993, wakafa watu wote 30 waliokuwamo, 18 kati yao wachezaji. Wamezikwa kando ya Uwanja wa Uhuru mjini Lusaka. Mwezi wa Februari 2012 vijana wa Zambia walikwenda ufukoni huko Gabon kuwawekea maua, kisha wakatwaa Kombe la Afrika katika mji ule ule wa Libreville. Ndege iliyoanguka ilikuwa ya Jeshi la Anga la Zambia, na walioiendesha walikuwa wanajeshi waliokuwa kazini. Washabiki wanaoweza kutaja majina ya wachezaji ni wengi. Wanaoweza kutaja hata jina moja la rubani ni wachache mno.

Ndugu askari, turudi ziwani. Tangu mwezi wa Agosti 2017 maelfu ya watu waliingia Zambia wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, na mwanzoni mwa mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya ya Nchelenge ili kuwapokea. Mkimbizi anaposhuka mtumbwini ana mkeka, sufuria na watoto. Hana medali shingoni. Askari anayempokea huuliza jina, kijiji na idadi ya jamaa, na hayo ni ya lazima kwa usalama wa nchi. Si vibaya akauliza pia kazi aliyokuwa akiifanya mtu huyo kabla hajakimbia. Mwalimu atasema ni mwalimu, mkunga atasema ni mkunga. Na mzee mwenye kuchechemea huenda akataja timu aliyoichezea zamani. Yafaa asichekwe.

Wazee wa Nchelenge waliosikiliza redio mwaka 1974 wanayo haki ya kumtaja Mulamba kuliko wengi, maana ndio aliowanyima kombe. Kwa hakika, sifa itokayo kwa aliyefungwa haina wa kuitilia shaka.

Ndaye Mulamba alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na umri wa miaka 70. Salamu za rambirambi zilitoka pande nyingi za Afrika. Safari hii taarifa ilikuwa ya kweli.