HOTUBA YA KATIBU WA TAWI KWA WANACHAMA, MABAMBA: SIMU YAKO, DAFTARI LETU NA SHERIA

Haya ni maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama. Yanatumwa kwa wote kwa sababu wengi mlikuwa shambani na mnadani siku hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa Kamati ya Tawi, wazee wetu, akina mama na vijana. Wazee shikamooni. Mwakeye nyote.

Kila tunapoandikisha mwanachama mpya, swali ni lile lile: "Katibu, jina langu na namba yangu ya simu vitafika wapi?" Wapo waliojitoa kwenye kundi la tawi kwa hofu hiyo. Na mezani lipo pendekezo kwamba tuache kabisa kuandika daftari la wanachama. Napinga pendekezo hilo, na naomba mnisikilize.

Hofu hiyo ina sababu. Tarehe 7 Septemba 2017 Mheshimiwa Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma mchana kweupe. Miaka 7 baadaye, Septemba 2024, gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika habari za shauri la kazi lililokuwa London. Mchunguzi wa zamani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki Tigo wakati ule, alidai kwamba Tigo iliipa Serikali taarifa za simu ya Lissu na mahali alipokuwa, katika wiki za kabla ya shambulio. Hayo ni madai, si hukumu. Lakini kila mtu ameona jambo moja: simu iliyo mfukoni inaonyesha ulipo hata kama hujampigia mtu.

Zamani balozi wa nyumba kumi akitaka kujua nani amelala kwako, alikuja akapiga hodi. Ulimjua kwa jina na kwa baba yake, na ungeweza kumuuliza anataka nini. Mnara wa simu haupigi hodi. Kwa hiyo hodi yetu imebaki sheria, na lazima tuijue.

*Sheria inatulinda wapi?*

Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inasema usiingiliwe katika mawasiliano yako. Hata Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1996, ilipotungwa, iliandika kwamba si kazi ya Idara hiyo kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki maandamano halali au ana maoni tofauti kuhusu Katiba, sheria au Serikali. Kuwa mwanachama wa chama kilichosajiliwa si kosa. Asikutishe mtu kwa hilo.

*Sheria inatubana wapi?*

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imempa mkuu wa kituo cha polisi uwezo mkubwa. Akiridhika kuna sababu za msingi za kushuku kosa, anaweza kutoa amri kifaa kipekuliwe au kichukuliwe, na anaweza kumwamuru mtu atoe taarifa alizonazo, bila kwenda kwanza kwa hakimu. Chama kinasema hapo ndipo penye tatizo: anayepeleleza na anayetoa ruhusa ni jeshi lile lile. Tunataka ruhusa hiyo itoke mahakamani, na tutaendelea kudai hivyo kwa njia halali.

Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 akashtakiwa kwa kuzuia upelelezi, baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Aprili 2020, katika mojawapo ya kesi hizo, alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka 1. Aliwalinda watu wake, na gharama aliilipa yeye. Simwambii mwanachama yeyote agome barabarani peke yake. Nawaambia mjue hatua.

*Ukiombwa simu yako:*

1. Uliza kwa adabu: afande ni nani, wa kituo gani, na amri imetolewa na nani, kwa kosa gani.
2. Usibishane kwa nguvu wala kukimbia. Sema tu, mbele ya shahidi, kwamba hujaridhia bila amri.
3. Simu ikichukuliwa, dai risiti. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka kilichokamatwa kwenye upekuzi kitolewe risiti, na mashahidi wasaini.
4. Usifute ujumbe ukishajua kuna upelelezi. Kufuta ili kuuzuia ni kosa jingine juu ya lile.
5. Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa sababu, na kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ndugu apige simu kwa Mwenyekiti wa Tawi mara moja.

Jingine: tangu usajili wa alama za vidole ulioanza 2019, laini ni jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafutwe. Ukimsajilia laini shemeji, akitukana mtu, anayetafutwa ni wewe.

*Sasa daftari letu.*

Tukilifuta, hatutakuwa na uchaguzi wa tawi wala akidi, na yeyote atadai ni mwanachama. Tawi lisilo na daftari ni kijiwe. Tusilifute. Tulilinde.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahesabu mwelekeo wa kisiasa wa mtu kuwa taarifa nyeti, inayohitaji ridhaa yake ya maandishi. Sheria hiyo haiwahusu wakubwa peke yao. Inatuhusu na sisi. Na hapa mpakani ndugu zangu mnajua: mkoa huu watu wameulizwa uraia hadi wazee waliozaliwa hapa. Orodha ya majina na namba za NIDA ikipotea Mabamba, madhara yake si sawa na ikipotea Dar es Salaam.

Kwa hiyo naomba mkutano upitishe haya: daftari liwe moja, la karatasi, ndani ya sanduku lenye kufuli, funguo mbili kwa watu wawili. Namba ya NIDA isiandikwe, kadi ya chama inatosha. Daftari lisipigwe picha wala kurushwa kwenye kundi. Kila mwanachama asaini kwamba ameridhia, na akitaka kuona alichoandikiwa, aonyeshwe. Ombi lolote la orodha, liwe la ofisi au la mgombea, lije kwa barua na lijibiwe na ngazi ya juu, si kwa simu kwa Katibu.

Hatuwezi kuidai Serikali iheshimu siri za watu wakati sisi tunazianika.



_Mkutano umeyapitisha yote. Waliojitoa kwenye kundi wanakaribishwa kurudi. Fomu za ridhaa zipo kwa Katibu._

*Imetolewa na Ofisi ya Tawi, Mabamba, Kibondo.*