Hotuba ya Karani Juu ya Mkate wa Nyumbani



Tumetakiwa tuseme habari za mkate, na huenda baadhi yenu mkaona kuwa ni jambo la jikoni lisilostahili kuwekwa katika taarifa ya mwaka. Lakini ngano nyingi iliwayo Kenya hutoka ng'ambo, na mwaka 2024 Muswada wa Fedha ulipopendekeza mkate utozwe kodi ya asilimia 16, hata asiyejali alishtuka. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi wa Juni mwaka ule ule; walakini akina mama wa chama walikwisha kuazimia kuoka wenyewe, wauze, na faida iingie katika mfuko wa wajane. Kuoka nyumbani hakupunguzi bei ya unga, hilo tulikiri. Kunapunguza ujira wa mwokaji na nauli ya gari.

Mkate waliouchagua si ule mweupe wa dukani, bali ni mtamu, wenye harufu ya iliki na mchaichai. Kwa kilo moja ya unga hutiwa hamira gramu 11, sukari gramu 120, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, iliki iliyotwangwa, na maji ya mchaichai yaliyochanganywa na tui la nazi, kadiri ya nusu lita na ziada kidogo. Hukandwa mpaka uwe laini, hufunikwa kwa kitambaa mpaka uumuke mara mbili ya ukubwa wake, kisha hutiwa katika kopo lililopakwa mafuta uumuke tena. Asiye na joko hutumia sufuria nene: mchanga chini, kopo juu yake, mfuniko, kisha makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ya juu yawe mengi kuliko ya chini, ama sivyo mkate huungua kitako nao uso ukabaki mbichi.

Sasa twaja penye aibu. Siku ya kwanza tulipima kilo tano za unga wa mfuko. Sisi karani, kwa kuwa tulishika karatasi, ndio tuliosimamia. Gari la kwenda sokoni lilikuwa limeagizwa, nasi kwa haraka tukamimina maji ya mchaichai juu ya hamira yangali yakifuka moshi. Mama mmoja mzee alituambia, "Mwanangu, tia kidole kwanza." Tulimjibu kwamba karatasi haikutaja kidole.

Unga haukuumuka hata kidogo. Jioni ile ile tukamwandikia barua kali mwenye duka aliyetuuzia hamira, tukidai kuwa ni kuukuu na arudishe fedha. Alikuja mwenyewe, kwa upole, na pakiti nyingine ya sanduku lile lile, akaomba ijaribiwe mbele yake. Tuliitia katika maji ya vuguvugu na sukari kidogo. Baada ya dakika kumi ikafanya povu. Hamira ni viumbe hai vidogo mno, na maji yafikayo digrii 60 huviua. Sisi ndio tulioviua.

Barua ya pili, ya kuomba radhi, imo katika faili pamoja na ile ya kwanza. Gharama ya unga tumeilipa wenyewe, kwa hiyo haimo katika hesabu mtakazosomewa.

Ndugu wa Wundanyi, mnaokaa juu zaidi ya mita 1,300, msiilaumu hamira upesi kama sisi. Joto la Voi huumua unga kwa saa moja hivi. Huko kwenu, penye ukungu na baridi ya Julai, huenda ukataka saa mbili au zaidi. Wekeni bakuli karibu na mafiga, wala si juu yake.

Mikate iliyo mezani imeokwa alfajiri ya leo na mama yule yule mzee. Sisi tulipewa kazi ya kupima sukari tu. Kipande ni shilingi 20, na sanduku la mfuko liko karibu na mlango.